Picha Imechoka Njiani

Jeneza lilikwishatolewa ndani na mjukuu wa kwanza alikwishashika msalaba, ndipo bodaboda alipoingia uani na picha ya baba mkubwa. Nikapokea bahasha ya kaki, nikachomoa fremu, nikabaki nimeishika. Aliyekuwa nyuma ya kioo alivaa suti ya baba mkubwa na tai ya baba mkubwa. Mabega yalikuwa yake. Sura haikuwepo. Mahali pa sura palijaa vipande vya mraba, vya kahawia na vyeusi, mithili ya mkeka uliosukwa na mtu mwenye haraka. Mama mkubwa aliitazama kidogo, akauliza kwa upole, "Huyu nani?"

Ikabidi iende hivyohivyo makaburini. Mjukuu wa pili aliibeba kifuani, na waombolezaji wa Misunkumilo, kwa adabu zao, wakaitazama kama wanaomwona.

Steshenari iliyoitoa haikuwa na kosa, wala mashine yake. Kosa lilikuwa langu. Usiku wa kuamkia mazishi nilipewa kazi moja tu: tafuta picha nzuri ya marehemu, itume mjini Mpanda ikatolewe A4, iwekwe fremu. Nikaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, nikapekua hadi nikaipata picha ya harusi ya miaka mitatu nyuma: watu wanane mbele ya keki, baba mkubwa wa tatu kutoka kushoto, anacheka. Nikaivuta kwa vidole viwili mpaka akajaa kioo cha simu, nikapiga skrinshoti, nikairusha. Kwenye simu yangu ilikuwa safi kabisa. Nililala nikiwa na amani.

Siku matanga yalipovunjwa nilipanda bodaboda kwenda mjini kuuliza kilichotokea. Nilimkuta binti wa steshenari, kijana wa umri wa kuwa mwanangu, amezungukwa na wateja wa fotokopi. "Shikamoo baba," akasema bila kuinua macho, mkono mmoja kwenye kipanya, mwingine ukipokea sarafu. Nilipomweleza shida yangu alilifungua faili, akalikuza kwenye kompyuta, akanionesha vile vipande vya mraba kimoja kimoja.

"Baba, hii picha ilifika kwangu imechoka. Imechoka njiani."

Sijasikia maelezo mafupi zaidi ya hayo kuhusu picha za kidijitali, na tangu siku hiyo nimekuwa nikihesabu safari ambazo picha zetu hutembea kabla ya kufika kwenye karatasi.

Tuanze na hiyo ya baba mkubwa. Simu iliyoipiga, ya binamu yangu anayeishi Mwanza, ina kamera ya megapikseli 12. Maana yake ni kwamba kila picha ina nukta, au pikseli, 4,000 kwa upande mmoja na 3,000 kwa upande wa pili. Binamu aliituma kwenye kundi kwa njia ya kawaida. WhatsApp, ili kuokoa bando la watu na nafasi kwenye mitambo yake, huipunguza picha inayotumwa hivyo mpaka upande mrefu ubaki na pikseli kama 1,600. Kwa hiyo iliyonifikia ilikuwa na 1,600 kwa 1,200, na watu wanane wakigawana hizo. Fungu la baba mkubwa, kuanzia juu ya kichwa hadi kifuani, lilikuwa pikseli 320 kwa upana na 450 hivi kwa urefu. Skrinshoti yangu haikuongeza hata moja. Ilizinyoosha tu zilizopo zijae kioo, kama unga wa watu wawili ulioongezewa maji ukawa uji wa watu kumi. Karatasi ya A4 ina upana wa inchi 8 na robo. Gawanya 320 kwa hizo: hazifiki pikseli 40 kwa kila inchi.

Wachapaji wa picha hupenda 300 kwa inchi. Kwa 200 picha bado ni nzuri, na kwa 150 inapita ukiitazama ikiwa ukutani. Chini ya 100 labda iwe bango la kuonwa kutoka ng'ambo ya barabara. Mimi nilipeleka 40 na nikataka mjane amtambue mumewe.

Misunkumilo ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Ni upande huu wa nchi ambako tawi la reli kutoka Kaliua hukomea, reli iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya madini ya risasi ya Mukwamba. Nautaja umbali huu kwa sababu enzi za mkanda wa filamu picha ilisafiri kwa miguu yake yenyewe. Mkanda wa picha 36 ulimalizwa taratibu, harusi hii, ubatizo ule, kisha ukafungwa kwenye kikopo chake cha plastiki na kupelekwa kwenye mji wenye maabara ya rangi. Tulisema tunakwenda "kusafisha picha", kwa kuwa kweli zilioshwa kwa dawa. Leo hakuna kinachooshwa, lakini wateja wa binti yule bado humwambia, "Nisafishie hizi." Neno limebaki, maji yameondoka.

Mkanda ulikuwa na fadhila moja tuliyoidharau. Pamoja na picha ulirudishiwa negativu kwenye kibahasha, na negativu haikuchoka. Ungeweza kuitunza miaka ishirini chini ya godoro, kisha ukaenda kutoa picha ndogo ya kutuma kwa barua au kubwa ya kutundika sebuleni, zote zikiwa safi, kwa kuwa zote zilizaliwa na mama mmoja. Katavi ilipotangazwa kuwa mkoa, mwaka 2012, tayari Kodak, kampuni iliyoujaza ulimwengu mikanda, ilikuwa imeomba ulinzi wa mahakama za Marekani dhidi ya wadai wake. Mkoa wetu haukuwahi kuwa na zama za mkanda, umezaliwa na simu mkononi. Nadhani ndiyo maana hakuna aliyetufundisha kwamba hata simu ina negativu. Negativu ya siku hizi ni faili halisi, lile lililomo kwenye simu iliyopiga picha. Yaliyomo kwenye makundi, kwenye status, kwenye "nirushie na mimi", ni nakala za nakala. Kila anayepiga skrinshoti ya skrinshoti anatoa fotokopi ya fotokopi, na sote tunaijua hati iliyotolewa kopi mara tano inavyoonekana.

Hapo ndipo ninapoitetea baruapepe, chombo ambacho vijana wanakiona cha maofisini na wazee wanakiona cha vijana.

Baruapepe hailigusi faili. Ukiambatisha picha ya megabaiti 4, mpokeaji anapata picha ya megabaiti 4, pikseli kwa pikseli. Haikuzaliwa na uwezo huo. Kwa miaka mingi ilibeba herufi tu, hadi 1992 wataalamu wawili, Nathaniel Borenstein na Ned Freed, walipobuni utaratibu wa kuigeuza picha au sauti kuwa mfuatano wa herufi za kawaida, isafiri ndani ya barua na kugeuzwa tena inapofika. Tarehe 11 Machi mwaka huo Borenstein aliwatumia wenzake kiambatisho cha kwanza cha aina hiyo: picha ya kikundi chake cha waimbaji wanne, pamoja na wimbo wao. Utaratibu huo ndio unaotumika hadi leo, na una gharama yake. Kila baiti tatu za picha huandikwa kwa herufi nne, hivyo mzigo huongezeka kwa theluthi. Picha yako ya megabaiti 4 itakula bando la megabaiti 5 na kitu. Kwa anayenunua bando la siku hilo si jambo dogo, ila linganisha na bei ya fremu uliyoitupa.

Gmail inakubali viambatisho vya megabaiti 25 kwa barua moja, yaani picha tano au sita za simu ya kawaida. Ukizidisha, inazihifadhi kwenye Drive na kutuma kiungo badala yake. Ukiwa na picha za harusi nzima, ni afadhali utume barua nne zenye namba kuliko moja inayokwama katikati mtandao unapokata. Wenye iPhone wawe macho: programu yake ya barua, kabla ya kutuma, huuliza kama picha iende ndogo, ya kati, kubwa au kwa ukubwa wake halisi. Wengi hubonyeza ndogo kwa kuwa ndiyo nyepesi, na hapo wameifanya baruapepe kuwa WhatsApp. Chagua ukubwa halisi. Simu hizo pia huhifadhi picha kwa mtindo wa HEIC, ambao kompyuta nyingi za steshenari hushindwa kuufungua. Kwenye mipangilio ya kamera upo uchaguzi wa kuzirudisha kwenye JPEG, ambayo kila mashine inaijua.

Najua pingamizi. Nimeshawaambia watu watano "nitumie kwa imeili" na wanne wamenijibu hawajui nywila yao. Ukinunua simu dukani, kijana wa pale hukufungulia anwani ya Gmail ili simu iwake, anabuni nywila, anakukabidhi, mnaagana. Kuna Watanzania wengi wenye anwani ambayo hawajawahi kuiona, yenye jina la utani walilopewa na muuza simu. Habari njema ni kwamba hiyo nywila huihitaji leo. Anwani imeshafunguliwa ndani ya simu yako. Bonyeza alama ya Gmail, andika anwani ya studio, gusa alama ya klipu, chagua picha, tuma. Nywila utaitafuta siku simu itakapopotea, na hapo utaijutia, lakini hiyo ni makala nyingine.

Asiyetaka kabisa baruapepe ana njia ya pembeni. Ndani ya WhatsApp, badala ya kuchagua picha kutoka kwenye matunzio, gusa klipu, chagua Hati, kisha litafute faili la picha. Likienda kama hati haliguswi. Mwaka 2023 waliongeza pia kitufe cha HD, ambacho hupunguza picha kwa kiasi kidogo zaidi. Na tusiionee WhatsApp: picha ya pikseli 1,600, ikitolewa inchi nne kwa sita bila kukatwa, inapata zaidi ya nukta 260 kwa inchi. Hiyo ni nzuri tu. Kwa albamu ya kawaida WhatsApp inatosha. Inaponiangusha ni pale ninapotaka kukata mtu mmoja kati ya wengi, au kupanda hadi A4 na kuendelea, na misiba yetu hutaka vyote viwili kwa pamoja, tena alfajiri.

Nimetaja nne kwa sita. Hili ndilo eneo ambalo studio na wateja hugombana zaidi, na mara nyingi wote wana haki.

Picha nchini hupimwa kwa inchi, ingawa vitambaa vyetu tunavipima kwa mita. Kuna nne kwa sita, ambayo wengi wanaiita postikadi. Kuna tano kwa saba, nane kwa kumi, nane kwa kumi na mbili, kisha karatasi za ofisini, A4 na A3, ambazo zinafuata milimita na ukoo mwingine kabisa. Ukitaka nukta 300 kwa inchi, zidisha kila upande kwa 300: postikadi inataka pikseli 1,200 kwa 1,800, tano kwa saba inataka 1,500 kwa 2,100, nane kwa kumi inataka 2,400 kwa 3,000. Simu ya megapikseli 12 inazifikia zote hizo na chenji inabaki. Idadi ya pikseli siyo tatizo basi, ilimradi faili liwe halisi. Tatizo ni umbo.

Kamera za mkanda zilitoa negativu ya milimita 24 kwa 36, umbo lililoenezwa na Leica tangu 1925. Gawanya: mbili kwa tatu. Nne kwa sita nayo ni mbili kwa tatu. Negativu iliingia kwenye postikadi kama mguu kwenye kiatu chake. Simu yako inapiga tatu kwa nne, umbo la televisheni za zamani. Ukiilazimisha kwenye nne kwa sita, pikseli 333 kati ya zile 3,000 lazima zibaki nje. Ni sehemu moja ya tisa ya picha. Ikitolewa juu, babu anapoteza kofia. Ikitolewa chini, bibi harusi anapoteza viatu alivyovikopa mbali. Mashine haijui kofia wala viatu, inakata katikati kwa katikati. Mteja anarudi anafoka, fundi anasema "ndivyo ulivyoleta", na kweli ndivyo alivyoleta.

Hali ni mbaya zaidi kwa wanaopiga picha inayojaza kioo kizima, ile ndefu nyembamba ya tisa kwa ishirini. Inapendeza kwenye status. Ukiitaka nane kwa kumi, karibu nusu yake inakwenda na maji.

Dawa yake ni ndogo. Kabla ya kutuma, ifungue picha kwenye simu, ingia sehemu ya kuhariri, gusa alama ya kukropu, chagua uwiano: 2:3 kwa postikadi, 5:7, 4:5 kwa nane kwa kumi. Sogeza mwenyewe kile kisanduku mpaka kofia na viatu viwe ndani. Kama havitoshi vyote, hapo uamuzi ni wako, siyo wa mashine. Hifadhi kama nakala, usiifute ya mwanzo. Ile ndiyo negativu. Na unapopiga picha ya kundi, rudi nyuma hatua mbili, acha hewa juu ya vichwa na mbele ya miguu. Wapiga picha wa zamani walifanya hivyo kwa mazoea, nasi tukadhani wanatuogopa.

Ndani ya barua andika unachotaka kwa maneno: saizi, idadi ya nakala, karatasi ya kung'aa au isiyong'aa, kama unataka ukingo mweupe. Binti wa Mpanda aliniambia kuna siku hupokea picha kumi na neno moja, "Toa." Lipe pia faili jina la kueleweka. Kwenye kompyuta yake kuna mamia ya faili yanayoanza na IMG, na yote ni ya mtu fulani mwenye haraka.

Kuhusu picha za pasipoti sina mengi, kwa sababu hapa studio zetu ni mabingwa. Majina ya waliochaguliwa kidato cha tano yanapotoka, wanafunzi hufurika na fomu za kujiunga, na kila fomu inataka pasipoti kadhaa. Kipimo cha kimataifa cha milimita 35 kwa 45 ni kidogo mno, pikseli 413 kwa 531 zinatosha, na karatasi moja ya nne kwa sita hubeba picha nane. Ni nafuu kuliko wateja wengi wanavyodhani, kwa hiyo uliza unalipia karatasi au kichwa. Sanaa yenyewe iko kwenye mavazi. Mtu anaingia na fulana ya mpira, anatoka na picha ya koti jeusi, shati jeupe na tai iliyonyooka, vyote vimebandikwa na kompyuta, na koti hilohilo wamelivaa nusu ya vijana wa wilaya. Wapo wanaoona ni udanganyifu. Mimi namkumbuka Omar Said Bakor wa Lamu, ambaye miongo mingi kabla ya kompyuta alikata sura za wateja wake kwa mkono na kuzipanda ndani ya maua na majani, na leo kazi zake huoneshwa kama sanaa. Koti la kubandika ni mjukuu wa mikasi ile. Ila usipeleke koti hilo kwenye maombi ya kiserikali yanayokataza picha iliyobadilishwa. Bahati nasibu ya viza ya Marekani, kwa mfano, inakataa. Na yenyewe inadai umbo la mraba, kati ya pikseli 600 na 1,200 kila upande, faili lisilozidi kilobaiti 240, uso bila miwani. Hapo ndipo mahali pekee nilipoona picha nzito inakataliwa kwa uzito wake, na WhatsApp ingesaidia.

Kuna jambo la rangi pia, na hili limeniuma zaidi nilivyolichunguza. Kioo cha simu kinatoa mwanga, karatasi inaupokea tu. Picha iliyo sawa kwenye simu hutoka nyeusi kiasi kwenye karatasi, na sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaomezwa kwanza, hasa ukutani kwenye chumba chenye dirisha moja. Tabia hiyo ina historia. Kwa miongo kadhaa Kodak iliwapa wenye maabara kadi ya kurekebishia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe. Mafundi waliziita kadi hizo Shirley, na rangi ikiwa sawa kwake ilihesabiwa kuwa sawa kwa kila mtu. Malalamiko yaliyosikika mapema yalitoka kwa watengenezaji wa samani na chokoleti, ambao mbao zao na pipi zao hazikutofautiana kwenye picha. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kwa hiyo ukiwa studio mwombe fundi apandishe mwanga kidogo kwenye uso kabla ya kutoa, na atoe kwanza ndogo ya majaribio. Akikuuliza kwa nini, mwoneshe mkono wako. Na ukimpiga mzee picha, zima ule ulaini wa ngozi ambao simu nyingi huja nao. Nimeona bibi wa miaka themanini ametolewa ana shavu la mtoto wa shule. Makunyanzi yake alikuwa ameyafanyia kazi.

Kwa picha za zamani ambazo ziko kwenye karatasi tu, usizipige kupitia kioo cha fremu, utapata mwanga wa dirisha na kivuli cha simu. Zitoe kwenye fremu, zipeleke steshenari yenye skana, omba nukta 600 kwa inchi. Postikadi ya mwaka 1985 ikiskaniwa hivyo inakuwa na pikseli 2,400 kwa 3,600, na utaweza kuikuza mara mbili bila aibu. Kisha jitumie mwenyewe kwa baruapepe, kwa sababu flashi za kuzungushwa steshenari hurudi na virusi.

Na ukitumia kompyuta ya steshenari kuingia kwenye akaunti yako, toka kabla hujasimama. Nimekaa kwenye kiti kikiwa bado na joto la mteja aliyetangulia na kukuta barua zake zote wazi mbele yangu: kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, picha za mtoto. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini haitakuja kukubonyezea kitufe cha kutokea. Ndiyo faida nyingine ya kutuma barua kutoka kwenye simu yako: picha inakwenda dukani, simu na siri zake zinabaki mfukoni.

Sasa nirudi kwa baba mkubwa. Binti alipomaliza kunionesha vile vipande aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Aliyepiga hii picha ni nani?"

Nikampigia binamu, Mwanza. Picha bado ilikuwemo kwenye simu yake, hakuwa ameifuta, ingawa alikuwa akilalamika kila siku kwamba simu imejaa. Nywila ya imeili hakuikumbuka. Nikamwelekeza palepale, alama kwa alama, huku wateja wa fotokopi wakisikiliza na mmoja akisahihisha maelekezo yangu. Baada ya dakika kama kumi barua ikaingia kwenye kompyuta ya binti. Pikseli 4,000 kwa 3,000. Watu wanane, keki, na baba mkubwa wa tatu kutoka kushoto. Akamkata. Safari hii fungu lake lilikuwa 800 kwa upana na 1,120 kwa urefu.

"A4 bado haitoshi," akasema. "Itapata mia moja hazifiki. Nikufanyie tano kwa saba, utapata mia na sitini. Tuiweke katikati ya karatasi nyeupe, fremu iwe ileile ya A4. Ukutani itakaa vizuri."

Nilitaka kubisha, nikakumbuka mara ya mwisho nilipojifanya najua.

Niliipeleka Misunkumilo jioni ileile. Mama mkubwa alitoa miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaitazama picha kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba hiyo tai aliichagua yeye. Iko ukutani hadi leo, inchi tano kwa saba ndani ya fremu kubwa. Ile ya kwanza amekataa isitupwe, kwa kuwa ndiyo iliyomsindikiza. Ameiweka juu ya kabati, imegeuzwa uso ukutani.